Ukilala hemani Mkomazi, machungwa yasilale nawe

Wasikilizaji wetu wa Korogwe na Handeni mmetuuliza: turubai la hema humzuiaje tembo? Halimzuii. Akitaka kulichana, atalichana. Kinachomsaidia mgeni ni kwamba wanyama wengi huliona hema lililofungwa zipu kama kitu kimoja kigumu, mfano wa kichuguu, wakalipita.

Kukiwa na chakula ndani, mambo hubadilika. Pua ya tembo ni kali kuliko ya mbwa. Wakulima mnalijua hili bila kufundishwa na mtu: mahindi yamefungiwa ghalani, naye anavunja ukuta. Kwa pua hiyohiyo atanusa machungwa mawili uliyoyaficha kwenye begi. Chakula chote kabidhi jikoni.

Mkomazi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008, imepakana na Tsavo Magharibi ya Kenya, na tembo huvuka mpaka bila pasi. Lango la Zange liko karibu na Same. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, pungufu sana ya mgeni wa nje, basi beba kitambulisho.

Kambi ndogo nyingi hazina uzio. Giza likiingia usitembee peke yako, hata ni hatua kumi kwenda mezani. Subiri askari mwenye tochi. Na haja ya usiku? Mahema makubwa mengi yana choo kwa nyuma. Mkiwa na vihema vyenu wenyewe, ingizeni ndoo kabla ya kulala. Hapa studio tulicheka, lakini ndiyo salama.

Asubuhi kung'uta viatu kwanza. Nge naye hutafuta pa kulala.