Udongo na Chakula cha Mmea (3): Fosforasi Kifungoni

Wiki iliyopita tuliona kwamba naitrojeni ikipungua, majani ya chini ndiyo hutangulia kuwa manjano, kwa kuwa mmea huihamishia kwenye majani machanga. Leo ni zamu ya fosforasi, na hapa mkulima wa Wundanyi na mwenzake wa Taveta hawapewi ushauri mmoja.

Mche wa nyanya uliokosa fosforasi hudumaa. Geuza jani uone upande wa chini ulivyoingia rangi ya zambarau. Wengi wakiona hivyo hukimbilia duka la pembejeo kununua mfuko mwingine wa DAP. Kumbe mara nyingi fosforasi imo shambani, ila imefungwa. Udongo mwekundu wa vilima vya Taita umetokana na miamba mikongwe, na mvua ya miaka na miaka imeosha kalsiamu na magnesiamu yake, ukabaki na asidi. Wekundu huo ni chuma. Penye asidi, chuma na alumini huinasa fosforasi na kufanya nayo chumvi zisizoyeyuka. Na mzizi haunywi kisichoyeyuka.

Tena DAP yenyewe huzidisha tatizo. Asilimia 18 yake ni naitrojeni ya amonia. Vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa naitreti, na katika kazi hiyo huacha asidi zaidi.

Dawa ni chokaa ya kilimo, ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, pamoja na samadi iliyooza vizuri: asidi za samadi hushikana na chuma na alumini, fosforasi ikasalimika. Mbolea iwekwe shimoni, karibu na mizizi, maana fosforasi haitembei mbali.

Lakini kuelekea Ziwa Jipe, penye udongo wa chumvi na magadi, chokaa hiyo hiyo ni hasara: fosforasi hunaswa na kalsiamu, nacho chuma na zinki huadimika. Hata Voi, kwenye mvua haba, usiuone udongo mwekundu ukadhani una asidi.

Basi pima. Chota udongo wa kina cha sentimita 20 sehemu mbalimbali za shamba, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha mpelekee afisa wa kilimo nusu kilo ipimwe maabara, kama zile za KALRO. Ulizia kiwango cha asidi kabla ya kuulizia bei ya mbolea.

Wiki ijayo: potasiamu na migomba ya Taveta.