Soko la Majina katika Utafutaji wa Mtandaoni

Katika taaluma ya utafutaji wa mtandaoni, swali linaloandikwa kwa jina la biashara huhesabiwa kuwa jepesi kuliko mengine, kwa kuwa anayeliandika tayari anajua anakokwenda na anachohitaji ni kuonyeshwa mlango tu. Mwaka 2002 Andrei Broder, mtaalamu wa kompyuta aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya utafutaji ya AltaVista, aliyagawa maswali ya watumiaji katika makundi matatu: ya kuelekea mahali, yaani kufikia tovuti ambayo mtumiaji anaifahamu, ya kupata maarifa, na ya kutenda jambo kama vile kununua, na kumbukumbu za utafutaji alizozichunguza zilionyesha kwamba kundi la kwanza lilifikia takriban asilimia 20 ya maswali yote. Kundi hilo jepesi ndilo, hata hivyo, lililozaa mojawapo ya biashara zenye utata katika uchumi wa matangazo.

Utata huo unatokana na namna nafasi za matangazo zinavyouzwa. Injini ya utafutaji, yaani mtambo unaopekua kurasa za intaneti na kuzipanga kulingana na maneno yaliyoandikwa, hurudisha matokeo ya kawaida, ambayo hayalipiwi, pamoja na matangazo, ambayo nafasi zake hushindaniwa kwa mnada kila neno linapotafutwa, huku mtangazaji akitozwa pale tu tangazo lake linapobofywa. Mwaka 2004 Google iliruhusu, nchini Marekani, alama ya biashara ya kampuni moja inunuliwe na kampuni nyingine kama neno la kuibua tangazo lake, na tangu hapo kampuni nyingi zimejikuta zikilipia majina yao wenyewe ili wapinzani wasikae juu yao.

Je, malipo hayo yana faida? Machi 2012 eBay ilisitisha matangazo yaliyoibuliwa na jina lake katika mitambo ya Yahoo! na MSN, ikayaacha yaendelee katika Google ili kuwe na cha kulinganisha. Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, waliochapisha uchambuzi wa jaribio hilo mwaka 2015 katika jarida la Econometrica, walikuta kwamba asilimia 99.5 ya mibofyo iliyokosekana kwenye matangazo ilirudi papo hapo kupitia matokeo ya kawaida. Kwa maneno mengine, kampuni ilikuwa ikiwalipia nauli wageni waliokwisha kufika barazani. Si haki, lakini, kuyafanya matokeo hayo kuwa kanuni ya kila mtu, kwa sababu eBay ni jina kubwa lisilochanganywa na jingine, ilhali kampuni ndogo ambayo jina lake limekwisha kununuliwa na mshindani huweza kumpoteza mteja kabla hajayafikia matokeo ya kawaida.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililigusa suala la kuuza majina ya wengine Machi 2010, katika shauri kati ya Google na Louis Vuitton, ambayo ililalamika kwamba jina lake lilikuwa likiibua matangazo ya bidhaa za kuigiza. Mahakama iliamua kwamba mwenye mtambo, kwa kuuza neno tu, hatumii alama ile kwa maana ya sheria, na kwamba mtangazaji ndiye anayeweza kuwajibika, iwapo tangazo lake halimwezeshi mtumiaji makini kutambua bidhaa inatoka kwa nani. Mzigo wa ulinzi, kwa hiyo, ulibaki kwa mwenye jina.

Kwa mfanyabiashara wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, au la Gikomba, Nairobi, mnada huo ni jambo la mbali. Kinachomsumbua ni kufanana kwa majina, kwa kuwa Baraka, Neema na Upendo yamo kwenye vibao vya maduka kila mji. Google hupanga matokeo ya biashara za mahali kwa kutazama ulinganifu wake na swali, umbali kutoka kwa mtafutaji na umaarufu wa biashara, hivyo mteja aliye mbali huweza kupelekwa kwa Baraka asiyemkusudia. Sheria nayo haimalizi tatizo. Usajili wa jina la biashara, unaofanywa na wakala wa usajili BRELA kwa Tanzania Bara na taasisi ya BRS kwa Kenya, haumpi mtu umiliki wa alama ya biashara, ambayo husajiliwa peke yake, na Kenya huifanya kazi hiyo katika taasisi nyingine kabisa, KIPI.

Zaidi ya hayo, duka moja mara nyingi lina majina matatu: lililoandikwa kwenye kibao, lililo kwenye cheti, na linalojitokeza kwenye simu mteja anapolipa kwa lipa namba, yaani namba ya malipo ya duka, ambalo huweza kuwa jina la mwenye duka mwenyewe. Wasifu wa biashara katika Google haulipiwi, na mwongozo wake unataka jina liwe lile linalojulikana na wateja na kuonekana kwenye kibao. Mfanyabiashara anayeyalinganisha majina hayo matatu hupunguza shaka ya mteja anayesitasita kuweka namba yake ya siri kwa sababu jina aliloliona kwenye simu silo alilolitafuta.