Ngozi inawasha? Usipake dawa ya shamba

Wandugu wakulima, tukitembelea mashamba mara nyingi tunaulizwa: «Agronomi, hii dawa ya wadudu wa nyanya, naweza kupaka mtoto mwenye upele?» Hapana, hata tone moja. Dawa ya shamba inapita kwenye ngozi mpaka kwenye damu, na penye vidonda inapita haraka zaidi. Inaweza kumuua mtoto.

Tujue kwanza sababu.

Upele unaletwa na kadudu kadogo sana kanakochimba ndani ya ngozi. Unawasha zaidi usiku, katikati ya vidole na kiunoni. Ukitibu mtoto mmoja tu, utarudi. Watu wote wa nyumba watumie dawa ya kituo cha afya siku moja. Nguo na mablanketi yafuliwe na maji ya moto, yaanikwe juani.

Choa ni kuvu. Kinafanya duara lenye magamba pembeni. Hata ndama mwenye mabaka yasiyo na manyoya anaweza kukuambukiza.

Kama umewashwa kisha kupuliza dawa, mikononi, shingoni ama mgongoni kwenye pompi inavuja, angalia: pengine ni dawa yenyewe. Vua nguo, jioshe na sabuni na maji mengi dakika 15. Usirudi shambani mbele ya kutengeneza pompi.

Na ukiona kizunguzungu, kutapika ama mate mengi, usingoje kesho. Kimbia kituo cha afya, na ubebe karatasi ya chupa ya ile dawa: muganga atajua namna ya kukusaidia.