Kabla Hujaisusa Kabichi

Mtu akiniambia mboga za majani zinamkataa, huwa sibishani naye. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, ambako kabichi na karoti hupakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam, na kwa miaka mingi nilikuwa muuguzi huku huku milimani. Tumbo lililojaa gesi usiku ni mateso ya kweli. Namuuliza tu: mboga gani? Ilipikwaje? Uliila na nini, saa ngapi? Hata sasa nimestaafu, kina mama hunisimamisha sokoni, shikamoo haijaisha tayari swali limeingia. Wengi wao wamekwisha kuacha mboga kabisa. Hilo ndilo linaloniuma, maana wanajinyima chakula ambacho kingewakaa vizuri kama kingeandaliwa vingine.

Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuvunja nyuzinyuzi zinazojenga majani na mashina. Ng'ombe naye hana. Kazi hiyo hufanyiwa na vijidudu vilivyojaa tumboni mwake. Sisi pia tuna vijidudu vyetu, ila vingi vinakaa utumbo mpana, karibu na mwisho wa safari ya chakula. Tena kabichi, maharage, kunde na mbaazi zina sukari za aina ya rafinozi, ambazo utumbo mwembamba unashindwa kuzivunja. Zinapofika chini zikiwa nzima, bakteria huzichachua kama togwa inavyochachuka mtungini. Hapo hutoka haidrojeni, kaboni dayoksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Jamii ya kabichi, sukuma wiki ikiwemo, ina salfa pia, ndiyo sababu hewa yake hunuka zaidi.

Kwa hiyo gesi yenyewe si ugonjwa. Mtu mzima mwenye afya hutoa hewa hata mara 10 au 20 kwa siku. Na uchachukaji huo una faida kubwa: bakteria hutengeneza asidi ambazo seli za ukuta wa utumbo mpana huzitumia kama chakula chao. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 hadi ya 1960, aliona kwamba wanavijiji waliokula nyuzinyuzi kwa wingi walipata choo laini na kikubwa, na magonjwa kadhaa ya utumbo yaliyowasumbua Wazungu yalikuwa adimu kwa wanavijiji hao. Aliporudi Uingereza alihimiza kwa miaka mingi watu wa huko wale nyuzinyuzi zaidi. Napenda kuwatajia jambo hili vijana wanaoona ugali wa dona na mchunga ni chakula cha wazee.

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko dawa iliko.

Kabichi mbichi iliyorundikwa juu ya chipsi ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Mwenye tumbo jepesi aikate nyembamba sana, aondoe kigogo cha katikati, aipike mpaka ilainike, kisha aanze na vijiko viwili vitatu, si sahani nzima. Vitamini C kidogo itapotea, lakini ni heri kula kabichi iliyoiva kuliko kutoila kabisa.

Maharage na kunde kavu yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya. Kuna wanaosikitika wakiyamwaga, wakidhani wamemwaga lishe yote. Sehemu ya zile sukari za gesi huondoka na maji hayo, na kwa mtu anayelala ameshika tumbo hilo ni jambo kubwa. Kisha yaive kweli. Maharage mekundu yasiyochemka vya kutosha yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na kuyaacha yapate uvuguvugu kwa moto mdogo hakuiondoi.

Kisamvu nacho kina sharti lake. Majani ya muhogo yana kemikali zinazozaa sianidi, na bibi zetu walijua kwa mikono yao kwamba lazima yatwangwe vizuri na yachemke muda mrefu. Ukinunua kisamvu kilichosagwa sokoni, usidhani kimekwisha kupikwa. Anayekichemsha dakika chache kisha akaumwa tumbo asiseme amevimbiwa.

Magadi yana wapenzi wengi huku kwetu. Hulainisha majani magumu upesi na kuyaacha ya kijani, na mboga laini kweli ni rahisi kwa mzee asiye na magego. Lakini magadi huharibu vitamini C na vitamini B1, tena yana sodiamu nyingi, na mwenye presha hapaswi kuyazoea. Kwa mzee mimi hupendelea kazi ya kisu: majani ya maboga namenya zile nyuzi za kwenye vikonyo mpaka ziishe, kisha nayakata membamba kabisa. Kazi hiyo inachosha vidole, na wasichana siku hizi huiruka. Tafadhali wasiiruke.

Jirani yangu mmoja, mwalimu, aliamini kwa muda mrefu kwamba mchicha ndio adui yake. Nilimwomba anielezee sufuria yake yote. Mchicha huo uliungwa kwa vitunguu vingi na tui zito, ukaliwa na maharage, saa tatu usiku, naye akaenda kulala. Nikamwambia, "Mwalimu, mchicha umeshtakiwa peke yake, na wenzake wanne hawakuitwa."

Kitunguu maji na kitunguu saumu vina fruktani, sukari nyingine ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuivunja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, wameipanga pamoja na rafinozi katika kundi la sukari zinazochachuka upesi, na kuwatengenezea wagonjwa wenye utumbo mwepesi kukereka mpango wa mlo unaozipunguza. Jambo zuri kwa mpishi ni kwamba fruktani huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Basi kata kitunguu vipande vikubwa, kikaange kwenye mafuta mpaka kinukie, kitoe chote, ndipo utie mboga. Ladha inabaki sufuriani.

Mafuta nayo, yawe ya tui, karanga au ya kupikia, huchelewesha tumbo kumwaga chakula. Ukilala nalo limejaa, asidi hupanda na kifua kuwaka. Hicho ni kiungulia, na chanzo chake ni tofauti na gesi ya chini, ingawa watu huviita vyote kwa pamoja "mboga imenikataa". Nyanya na pilipili huwazidishia baadhi ya watu. Mwalimu alipunguza tui, akatenganisha siku za maharage, akala mapema zaidi. Mchicha hakuuacha.

Ukitaka kumjua mhalifu wako, usifute mboga zote kwa mkupuo. Ondoa washukiwa wakubwa kwa wiki mbili: kabichi, vitunguu, maharage. Endelea na mchicha uliopikwa na karoti za kuchemsha, ambazo kwa wengi ni tulivu. Kisha rudisha kimoja kimoja, kiasi kidogo, ukiacha siku kadhaa kati ya kimoja na kingine, na uandike. Na kama ulikuwa mtu wa wali mweupe na nyama, usirukie bakuli kubwa la sukuma wiki kwa sababu umeamua kubadilika. Ongeza taratibu kwa wiki kadhaa, na maji uyanywe, kwani nyuzinyuzi nyingi bila maji hufunga choo. Tafuna. Chai ya tangawizi baada ya chakula huwatuliza wengi, na sioni ubaya wake.

Kuna dalili ambazo hazihusiani na mapishi na hazipaswi kusubiri: damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, homa, kutapika kusikokoma, chakula kukwama kinaposhuka, maumivu yanayokuamsha usiku, au tumbo lililobadilika ghafla kwa mtu aliyevuka miaka 50. Nawaona watu wakijitangazia vidonda vya tumbo na kununua vidonge dukani mwezi baada ya mwezi. Wengine wana bakteria wa tumboni wanaotibika kwa dawa maalumu baada ya kipimo. Wengine wana amiba au giadia waliyoipata kwenye kachumbari iliyooshwa kwa maji machafu, na hao wanaweza kuacha mboga zote duniani bila kupona. Nenda kituo cha afya, na karatasi uliyokuwa ukiandika uende nayo: ulichokula, kilivyopikwa, na saa maumivu yalipoanza. Tabibu akiwa na karatasi hiyo mkononi atajua haraka zaidi kama aanze kwa kupima choo au akupeleke hospitali kubwa.