Kocha, usimdekeze nyota wako

JE, wewe ni kocha na una kijana anayewashinda wenzake wote kwa kipaji? Huenda anapochelewa mazoezini unanyamaza, ukihofia atahamia kambi nyingine. Kumbuka kwamba mazoea hujenga tabia.

Mwaka wa 2020, Wilson Kipsang, aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni jijini Berlin mnamo 2013, alipigwa marufuku kwa miaka 4. Kosa lake halikuwa dawa kupatikana mwilini. Alikosa kupatikana na wapimaji, kisha akatoa ushahidi wa uongo. Kukosa mara 3 katika miezi 12 kunatosha kumwadhibu mwanariadha.

Kanuni hizo hulinda afya. Dawa ya EPO, kwa mfano, huongeza chembechembe nyekundu hadi damu ikawa nzito. Damu hiyo ikiganda, huweza kuleta kiharusi au mshtuko wa moyo.

Kwa hivyo, weka sheria moja kwa wote. Nyota akikosea, mwite kando umweleze kosa lake bila kumtusi, kisha apate adhabu sawa na wenzake. Muulize pia anatumia dawa gani na alipewa na nani. Samaki mkunje angali mbichi.