Je, Wajua? Punda wa Ujiji na Mwendo wa Telki

Je, wajua kwamba mwishoni mwa 1871 mtu aliyetaka mnyama wa kupanda pale Ujiji alipata punda mmoja tu wa kununua? Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley ndiye aliyemchukua, ili mvumbuzi Dk. Livingstone asije akazidiwa na maradhi njiani kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora. Punda hakufika. Tarehe 27 Januari 1872 walivamiwa na nyuki. Punda mwingine wa msafara alitimua mbio, lakini huyu wa Ujiji alijibwaga chini akagaagaa. Livingstone naye akagaagaa kidogo, kisha akakimbia huku akijipepea kichwani kwa tawi. Punda aliumwa kichwani, usoni na midomoni, akafa baada ya siku mbili.

Safari ya Stanley ya kwenda Ujiji nayo ilikuwa na kilio chake. Kwenye mto Malagarasi, punda wa Kinyamwezi aliyeitwa Simba alivushwa akiogelea, kamba shingoni. Mamba akamkamata kooni. Watu wakavuta kamba, mamba akavuta upande wake, na mamba akashinda. Punda aliyebaki alilazwa palepale, akavushwa asubuhi. Jina la Simba halikumtisha mamba.

Na farasi? Stanley alitoka Bagamoyo na wawili, mmoja zawadi ya Sayyid Barghash wa Zanzibar. Wote wawili walikufa mapema, hata nusu ya njia hawajafika. Ukanda wa njia hiyo ni wa mbung'o, ambao humwambukiza mnyama ugonjwa wa nagana. Usubi nao hueneza tauni ya farasi, inayoweza kuua hadi tisa katika kila farasi kumi. Punda huugua nagana pia, ila kwa kawaida humudu maradhi haya mawili vizuri kuliko farasi. Ndiyo maana mchuuzi wa Ujiji hakuwa na farasi wa kumpigia mtu bei.

Mwenye fedha zake Zanzibar alitafuta punda mweupe wa Maskati. Sifa yake ilikuwa telki: mwendo wa haraka usiomrusha mpandaji. Asiyetaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia na asitazame rangi wala masikio. Amwambie muuzaji apande mwenyewe, kisha atazame mabega ya muuzaji: yakitulia, ndiyo telki. Tofauti ya mwendo huonekana kwa farasi pia. Farasi akienda matiti, mguu wa mbele wa kulia hukanyaga pamoja na wa nyuma wa kushoto, halafu jozi ya pili, na katikati mwili mzima huruka. Farasi wa mwendo laini huweka kila ukwato peke yake, na daima kuna mguu ulio chini.

Je, wajua kwamba 2012 wanasayansi waligundua kuwa kwa farasi kipawa hiki hutegemea sana badiliko dogo katika jeni moja, DMRT3, inayofanya kazi kwenye uti wa mgongo? Farasi wa Iceland wengi wanalo. Wenyeji wa huko hushindana kupanda huku wameshika bilauri ya bia iliyojaa, na aliyemwaga kidogo ndiye bingwa. Sheria yao ni kali: farasi akishauzwa nje ya kisiwa, harudi tena, hata kwa mashindano, maana magonjwa ya ng'ambo yangewamaliza waliobaki.