Mtoto anataka kompyuta ya gemu? Anza na bajeti, malizia na saa ya kulala

Dada yangu alinipigia simu saa nne usiku, muda ambao kwa kawaida huwa ameshalala.

"Mdogo wangu, huyu mwanao mpaka sasa yuko kwenye banda la gemu. Nifanye nini?"

Dada anaishi Cheyo, Tabora mjini. Mwanaye ana miaka 15 na yuko kidato cha tatu. Karibu kila jioni alikuwa akiishia kwenye banda ambako vijana hulipia dakika za kucheza mpira wa kwenye kioo. Dada hakuwa na ugomvi na gemu. Alichokihofia ni giza la njia ya kurudi, fedha ndogondogo zinazoyeyuka kila siku, na watu wazima wanaokaa pembeni ya kioo wakiwekeana dau.

Mtoto mwenyewe alikuwa na pendekezo: anunuliwe kompyuta ya gemu, achezee nyumbani. Dada alikuwa na Sh900,000 alizojiwekea kutokana na mauzo ya asali. Akaona tangazo mtandaoni, picha nzuri, kompyuta inawaka taa za rangi zote. Akatuma Sh150,000 za kianzio. Kesho yake namba ile haikupatikana, na mpaka leo haipatikani.

Zikabaki Sh750,000. "Hizi zikipotea, sina nyingine mpaka msimu ujao wa asali," aliniambia. Mtoto naye alikuwa amenyamaza siku mbili, akijiona ndiye aliyesababisha hasara.

Mimi huandika habari za afya: chanjo, shinikizo la damu, lishe. Kompyuta si fani yangu. Lakini niko Dar es Salaam, Kariakoo haiko mbali nami, na huyo ni mtoto wetu. Nikaahidi kulishughulikia. Nimeona niwaandikie wazazi wenzetu nilichojifunza, kwa sababu ombi hili linabisha hodi kwenye nyumba nyingi sasa.

Watu wa Tabora wanalijua hili zamani

Bidhaa kufika Tabora kutoka pwani haijawahi kuwa jambo dogo. Enzi za misafara, wapagazi walitembea kutoka Bagamoyo wakiwa na mizigo ya kilo 30 hivi begani, wakapita Unyanyembe, na wengine wakaendelea hadi Ujiji. Mfanyabiashara alilazimika kujua mapema ni shanga za rangi gani zinazotakiwa katika nchi anayokwenda, maana shanga zisizopendwa huko zilikuwa mzigo tu.

Na mwaka 1871 David Livingstone alifika Ujiji akiwa mgonjwa, akakuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Dada alicheka kidogo nilipomsimulia. Kumbe si yeye wa kwanza.

Basi sheria mbili za msafara bado zinafaa: jua unachohitaji kabla ya kununua, na usimkabidhi mzigo wala fedha mtu usiyemfahamu.

Anza na gemu, ndipo uje kwenye kompyuta

Swali la kwanza nililomuuliza mtoto baada ya "shikamoo mamdogo" lilikuwa hili: unataka kucheza gemu gani? Akataja mbili za mpira na moja ya magari. Nikamwambia aniandikie mahitaji ya chini ya kila gemu, ambayo watengenezaji huyatangaza wazi. Kazi hiyo ilimchukua jioni moja, na ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo hakwenda bandani.

Orodha yake ilitusaidia kuliko ushauri wa muuzaji yeyote. Gemu zake hazikuhitaji mashine ya mamilioni. Zilihitaji vitu vinne: prosesa ya wastani, kadi ya picha yenye kumbukumbu ya GB 4, RAM ya GB 8 au zaidi, na nafasi ya kuhifadhi. Nafasi msiidharau, gemu moja kubwa ya sasa inaweza kumeza takriban GB 100.

Kwa mzazi asiyezijua lugha hizi: prosesa ndiyo ubongo unaopiga hesabu. Kadi ya picha ni kifaa kinachochora kila kinachoonekana kwenye kioo, na katika gemu ndicho kinachofanya kazi ngumu zaidi. RAM ni meza ya kazi. Ikiwa ndogo, vitu vinabanana. SSD ni kabati la kuhifadhia, na ni ya haraka kuliko diski za zamani zinazozunguka.

Njia ya wenye fedha ndogo

Kununua kila kifaa kipya na kukiunganisha kungetushinda. Fundi mmoja wa Kariakoo alinionyesha njia nyingine: "Dada, chukua kompyuta ya ofisini iliyotumika, kisha uiongezee kadi ya picha."

Kompyuta hizi, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, huingia nchini zikiwa zimeshatumika kwenye ofisi za nje. Ni imara na vipuri vyake vinapatikana. Lakini zina mitego mitatu ambayo mzazi lazima aijue.

Mtego wa kwanza ni umbo. Zipo ndogo nyembamba na zipo kubwa za kusimama. Nyembamba zinakubali kadi fupi maalumu tu, ambazo ni adimu na mara nyingi ghali zaidi. Chukua ile kubwa ya kusimama.

Mtego wa pili ni umeme wa ndani. Powa saplai za kompyuta hizi ni ndogo, na nyingi zina umbo na soketi za kampuni yenyewe, kwa hiyo kuibadilisha ni kazi. Sehemu ya kuchomekea kadi kwenye ubao mkuu hutoa wati 75 tu. Kwa hiyo tafuta kadi isiyozidi hapo na isiyodai waya wa ziada. GTX 1050 Ti ni mojawapo. Baadhi ya GTX 1650 nazo zimo. Kadi kubwa kuliko hizo itazima mashine katikati ya mchezo, au itaiharibu powa saplai.

Mtego wa tatu ni umri. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025. Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta ya kizazi cha nne ni rahisi kweli, lakini unanunua kitu ambacho muda wake umeshapita. Kizazi kinasomeka kwenye jina lenyewe: i5-8500 ni cha nane, i5-4570 ni cha nne.

Sh750,000 zilivyogawanyika

Hizi ni bei tulizozipata sisi baada ya kuzunguka na kupatana. Zenu zinaweza kutofautiana.

Kompyuta ya kusimama yenye prosesa i5 ya kizazi cha nane, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256, pamoja na kibodi na kipanya: Sh380,000.

Kadi ya picha GTX 1050 Ti iliyotumika: Sh170,000.

Kioo kilichotumika cha inchi 20: Sh80,000.

RAM nyingine ya GB 8: Sh40,000. Fundi alisisitiza kuwa vipande viwili vya GB 8 hufanya kazi vizuri kuliko kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa huvisoma vyote kwa pamoja.

Stabilaiza ya umeme: Sh60,000. Usafiri hadi Tabora: Sh15,000.

Jumla Sh745,000. Ikabaki elfu tano, nikamrudishia dada kwenye simu.

Mtoto alitaka fedha ya stabilaiza iende kwenye kesi yenye taa. Hapo nilikataa. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ndio muuaji wa kompyuta nyingi, na taa hazimwongezei mchezaji hata bao moja. Stabilaiza haitaizuia kompyuta kuzimika umeme ukikatika, lakini inapunguza madhara ya umeme unaopanda na kushuka. Mkiona radi inakaribia, chomoeni kabisa ukutani.

Kabla ya kutoa fedha

Nenda mwenyewe, au mtume ndugu. Kompyuta iwashwe mbele yako na gemu ichezwe kwa nusu saa. Ikizima, ikipiga kelele kama jenereta au picha ikikatika vipande, ondoka.

Jihadhari na kadi bandia. Zipo kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitaje kwa jina la kadi mpya. Programu ya bure iitwayo GPU-Z husaidia kuzigundua. Nyingine, CrystalDiskInfo, huonyesha afya ya SSD. Muuzaji mkweli hatakukatalia kuzifungua. Sisi kadi ya kwanza tuliyoonyeshwa ilibainika kuwa ya bandia. Muuzaji akasema hata yeye hakujua. Inawezekana. Tulikwenda duka jingine.

Dai risiti ya EFD na waranti ya maandishi, hata ya mwezi mmoja. Na kama mzigo unasafiri kwa basi, kadi ya picha ichomolewe na kufungwa peke yake. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, na matuta ya njiani yanaweza kuvunja pale ilipochomekwa.

Siku mzigo ulipofika, mtoto aliichomeka kadi mwenyewe huku nikimwangalia kwa simu ya video. Dada alisimama nyuma yake akiwa amejishika kiuno. Ilipowaka, hakuna aliyesema kitu. Kisha dada akasema, "Haya, sasa tuzungumze."

Kifaa kisichouzwa dukani: utaratibu

Hapa ndipo ninaporudi kwenye kazi yangu.

Kijana wa umri huu anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi. Mtoto wetu huamka saa 11:30 alfajiri kujiandaa na shule. Piga hesabu: ili apate hata zile nane, lazima awe amelala saa 3:30 usiku. Kwa hiyo kompyuta inazimwa saa 2:30, ili kichwa kitulie kabla ya kulala. Hesabu hii mpigie mtoto karatasini. Hesabu ni ngumu kubishana nayo kuliko kelele za mama.

Kompyuta ikae sebuleni. Chumbani hakuna anayejua kinachochezwa wala saa ngapi, na gemu nyingi za mtandaoni huwakutanisha watoto na watu wazima wasiowajua.

Kwa macho, kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho mbali, kama mita sita, kwa sekunde 20. Mwembe wa jirani unatosha. Kioo kiwe umbali wa mkono, kimo chake kisizidi usawa wa macho. Na atoke nje mchana: muda wa nje hupunguza uwezekano wa watoto kupata tatizo la kutoona mbali. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kutoa jasho. Mpira wa kwenye kioo hauhesabiwi.

Usiogope kila saa anayocheza. Shirika hilo linautambua ugonjwa wa uraibu wa gemu, na umo katika orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini vigezo vyake ni vizito: mtoto ameshindwa kujizuia, gemu imekuwa juu ya kila kitu, anaendelea hata akiona madhara, na hali hiyo kwa kawaida imedumu angalau miezi 12. Kupenda kucheza peke yake si ugonjwa. Ila usisubiri mwaka uishe. Ukiona halali, amejitenga na marafiki, maksi zinashuka na akiambiwa azime anakuwa mkali, zungumza naye, kisha mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Miezi miwili baadaye

Mtoto haendi tena bandani. Sitasema kila kitu ni shwari. Wiki ya tatu dada aliamka saa saba usiku akamkuta anacheza, kioo amekifunika shuka ili mwanga usitoke. Walikuwa wameandikiana makubaliano siku ya kwanza: ukivunja, waya wa umeme unakaa kwa mama siku saba. Dada hakufoka. Alinyoosha mkono, akapewa waya.

Siku ya nane aliurudisha bila kukumbushwa. Anasema hilo ndilo lililomshangaza mwanaye zaidi, kwamba mama alishika neno lake pande zote mbili.

Sasa kila Jumamosi mtoto huchomoa waya zote, anafungua kesi na kuondoa vumbi kwa brashi laini, maana kiangazi cha Tabora vumbi halisamehi feni. Wiki iliyopita dada alinipigia tena, safari hii saa moja jioni.

"Mdogo wangu, kumbe na mimi naweza kuendesha lile gari."

Nyuma yake nilimsikia mtoto akilalamika kuwa zamu yake imefika.